Marehemu Hawanyamazi: Máirtín Ó Cadhain na Lugha Yake

Najua niliahidi kumalizia ile stori ya safari ya kijijini, lakini subirini kidogo. Kuna mzee mmoja wa Ayalandi ameniharibia ratiba nzima tangu Ijumaa, na nisipomwandika leo sitalala.

Ilianza hivi. Kwenye semina mwalimu alituuliza swali la kawaida tu: tajeni waandishi wa Ayalandi. Mikono juu kila kona. James Joyce! Samuel Beckett! Oscar Wilde! Bernard Shaw! Jonathan Swift! Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akamtaja Bram Stoker wa Dracula, darasa likacheka, kumbe kweli yule bwana alizaliwa Dublin. Mwalimu akaandika majina yote ubaoni bila kusema kitu. Halafu akageuka: "Kati ya hawa, nani aliandika riwaya kwa Kiayalandi?"

Kimya. Na si kimya cha kuogopa, ni kimya cha watu ambao hata hawakujua kwamba Waayalandi wana lugha yao. Mimi nikiwemo, sioni haya kusema. Nilidhani ni watu wa Kiingereza tangu Adam na Hawa.

Mwalimu akaandika jina moja pembeni: Máirtín Ó Cadhain. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka maktaba, nikapata riwaya yake kwa tafsiri ya Kiingereza, na desa la kazi ya Jumatatu likabaki limefungwa mezani mpaka sasa. Ngoja niwasimulie, maana huyu mzee anatuhusu kuliko mnavyofikiri.

Kwanza lugha yenyewe. Wenyewe wanaiita Gaeilge. Si Kiingereza kilichoharibika, na wala si lahaja ya Kiingereza. Ni lugha ya familia nyingine, ndugu wa Kigaeli cha Uskoti, na ina maandishi ya zaidi ya miaka elfu moja. Kabla ya njaa kubwa, Waayalandi wapatao milioni 4 walikuwa wakiizungumza, wengi wao maskini wa vijijini. Halafu mwaka 1845 ukaja ukungu ulioshambulia viazi, na viazi ndivyo vilikuwa chakula chao cha kila siku. Katika miaka michache iliyofuata watu kama milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine kama milioni 1 wakapanda meli wakaondoka. Njaa haikuchagua kwa bahati nasibu. Iliwapiga zaidi maskini wa magharibi na kusini, na hao ndio waliokuwa wasemaji wa Kiayalandi. Sensa ya 1851 ikakuta wamebaki kama milioni 1 na nusu, karibu robo ya watu wote.

Shule nazo zilifanya kazi yake. Tangu 1831 shule za serikali ya Uingereza zilifundisha kwa Kiingereza. Kulikuwa na kitu kinaitwa bata scóir, kijiti cha kuhesabia. Mtoto alifungwa kijiti shingoni, kila akisikika anaongea Kiayalandi kinakatwa alama, jioni zinahesabiwa alama na anachapwa kwa hesabu hiyo. Na wengi waliokata zile alama nyumbani walikuwa wazazi wenyewe, maana waliona Kiingereza ndiyo tiketi ya Marekani na kujinusuru na njaa.

Najua wenzetu wa Kenya mnaosoma hapa mmeshatikisa vichwa. Kile kibao cha shingoni cha "nimeongea kilugha" mnakijua. Ngũgĩ wa Thiong'o alikiandika vizuri mwaka 1986 katika kitabu chake cha Decolonising the Mind. Mbinu ile ile, bahari tofauti.

Tumrudie mtu wetu. Ó Cadhain alizaliwa mwaka 1906 katika kijiji cha An Cnocán Glas, karibu na An Spidéal, pwani ya magharibi katika jimbo la Galway. Ni nchi ya mawe. Mashamba madogo kama mkeka, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, na mwani unaobebwa kutoka ufukweni ili kurutubisha ardhi. Hiyo ni sehemu ya Gaeltacht, yaani maeneo ambayo lugha ilikuwa bado haijafa. Nyumbani kwao ni Kiayalandi tu, tena kwenye ukoo wa wasimulizi wa hadithi. Kwa hiyo kabla hajaona kitabu alikuwa ameshasikia maelfu ya maneno kutoka kwa wazee wanaoota moto.

Kijana alikuwa na kichwa. Akapata nafasi ya masomo katika chuo cha ualimu cha St Patrick's, Dublin, akamaliza 1926 na kurudi magharibi kufundisha shule za msingi. Hiyo ndiyo elimu yake yote ya darasani. Digrii hakuwahi kupata. Shikeni hilo, nitalirudia.

Wakati huo Ayalandi ilikuwa imeshajitawala tangu 1922, isipokuwa sehemu ya kaskazini iliyobaki kwa Uingereza. Serikali mpya ilipenda sana lugha, kwenye hotuba. Ikaifanya somo la lazima shuleni, na katiba ya 1937 ikaitangaza kuwa lugha rasmi ya kwanza. Ila watu wanaoizungumza waliendelea kuwa maskini wa kutupwa na kuhama kila mwaka. Hapo ndipo Ó Cadhain alipoanza ugomvi ambao hakuuacha mpaka kaburini: huwezi kuokoa lugha na kuwaacha wenye lugha wafe njaa.

Hakuishia kulalamika. Yeye na wenzake waliunda chama cha watu wa Gaeltacht kudai ardhi. Mwaka 1934 kundi lao likapanda baiskeli kutoka Connemara mpaka Dublin, yaani kuvuka nchi nzima, kwenda kumwona kiongozi wa serikali, Éamon de Valera. Mwaka uliofuata familia 27 za Connemara zikahamishiwa mahali panaitwa Ráth Chairn, jimbo la Meath, kwenye ardhi nzuri karibu na Dublin, wakiwa na lugha yao. Majirani wapya hawakuwapenda hata kidogo. Lakini kijiji kipo mpaka leo na kinaongea Kiayalandi. Waandishi wangapi wanaweza kuonyesha kijiji kizima na kusema, nilikuwa na mkono hapa?

Siasa zake hazikuwa za kawaida. Alijiunga na IRA, jeshi la chini kwa chini lililokataa nchi kugawanywa. Sisemi hili kwa kumsifia. Mwaka 1936 akafukuzwa ualimu kwa sababu hiyo, maana shule zilikuwa mikononi mwa kanisa na kanisa halikutaka mwalimu wa namna hiyo. Akaenda Dublin kubangaiza. Kati ya vibarua vyake kulikuwa na kazi ya kukusanya maneno ya Connemara kwa ajili ya kamusi ya serikali, maelfu kwa maelfu, kila neno na mifano yake kama linavyosemwa na watu. Hebu fikiria mtu anayeandika maneno ya mama yake kwenye karatasi ili alipwe kodi ya chumba.

Humo njiani aliandika hadithi fupi. Kitabu cha kwanza, Idir Shúgradh agus Dáiríre, kilitoka 1939. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alisoma hadithi ya Mrusi Maksim Gorky iliyotafsiriwa kwa Kifaransa, akashtuka. Ilihusu wanakijiji maskini, watu wa aina ya kwao kabisa. Akajiuliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia kwamba hadithi za namna hii zipo. Yaani alihitaji Mrusi kwa Kifaransa ndiyo aone kwamba bibi wa kijijini kwao anaweza kuwa fasihi. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Kisha ikaja vita ya pili ya dunia. Ayalandi ilikaa pembeni, haikuegemea upande wowote, lakini serikali iliogopa IRA ingeivuta kwenye moto. Aprili 1940 Tony D'Arcy, mwanachama wa IRA kutoka Galway, akafa kwa mgomo wa kula gerezani. Baada ya mazishi yake Ó Cadhain akakamatwa na kupelekwa kambi ya Curragh, jimbo la Kildare. Hakuna mashtaka, hakuna hakimu, hakuna hukumu. Miaka minne ndani, mpaka 1944. Na serikali iliyomfunga iliongozwa na de Valera yule yule, ambaye naye alishawahi kufungwa na Waingereza. Mambo ya dunia.

Kambi ile aliigeuza darasa. Aliwafundisha wafungwa wenzake Kiayalandi, vibanda vya mbao vikajaa wanafunzi. Yeye mwenyewe alisoma kila alichopata na kujinoa lugha za watu. Barua alizomwandikia rafiki yake Tomás Bairéad akiwa humo zilichapishwa kama kitabu mwaka 1973, baada ya kifo chake. Ukimsoma humkuti shujaa wa sanamu. Unamkuta mtu anayesumbuliwa na baridi, anayeomba vitabu, anayejiuliza kama ana kipaji au anajidanganya. Hapo nilimkumbuka tena Ngũgĩ, aliyewekwa kizuizini Kamĩtĩ bila kesi na kuandika humo humo kwenye karatasi za chooni riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka 1980.

Sasa tufike penyewe. Alipotoka kizuizini alirudi kwao kipindi fulani, na majira ya baridi jirani mmoja mwanamke akafariki. Watu wakaenda kuchimba kaburi, wakachanganyikiwa wapi pa kuchimba. Mwisho wa yote yule mama akazikwa palipokuwa na mwingine. Wakati wa kurudi nyumbani mmoja wao akatania kwamba huko chini leo kutakuwa na maneno! Wengine wakacheka wakasahau. Ó Cadhain hakusahau.

Riwaya iliyozaliwa na utani huo inaitwa Cré na Cille, kwa Kiswahili tuseme Udongo wa Makaburini. Wahusika wote ni maiti. Hakuna msimulizi anayekuelezea jua lilivyochomoza. Ni sauti tu, sura kumi za sauti, marehemu wakibishana kutoka jeneza hadi jeneza, na wewe msomaji unategesha sikio kujua nani anaongea. Kila mtu unamtambua kwa wimbo wake: huyu haachi kulalamika kuhusu jinsi alivyokufa, yule anakumbushia deni, mwingine bado anataka kujua vita inaendaje.

Bi mkubwa wa makaburi hayo ni Caitríona Pháidín, na anafungua kitabu akiwa na wasiwasi mmoja mkubwa: je, wamenizika kwenye sehemu ya paundi moja, au ya shilingi kumi na tano? Maana hata huko kuna madaraja. Kuna makaburi ya paundi, ya shilingi kumi na tano na ya nusu gini, na wa paundi hawataki mazoea na wa nusu gini. Wanafanya mpaka uchaguzi! Kuna mama mmoja, Nóra Sheáinín, Caitríona anamdharau tangu wakiwa hai, huyo huko chini amegeuka msomi, anataka kuanzisha klabu ya Rotary kwa maiti. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka jamaa ninayekaa naye akauliza kama niko salama.

Caitríona ana kinyongo na mdogo wake Neil, ambaye bado yuko hai. Zamani za ujana Neil aliolewa na Jack na Scolóige, mwanaume ambaye Caitríona alimpenda. Hajasamehe na hasamehi. Kila maiti mpya akishushwa, Caitríona ni wa kwanza kuuliza: mazishi yangu walikuja watu wengi? Msalaba wangu wa jiwe wameshausimamisha? Neil bado hajafa? Na maiti mpya, kila mmoja, anakuja na habari inayozidi kumuumiza. Msalaba haujasimama, na mambo ya Neil yananyooka. Mwisho siwaambii.

Kuna mwalimu mkuu ambaye mkewe, juu huko, ameanza kutembelewa na mtu wa posta, na mwalimu anazipata habari hizo kwa awamu, maiti kwa maiti. Na kuna rubani Mfaransa ambaye ndege yake ilianguka huko, akazikwa na wanakijiji. Huyu anajifunza Kiayalandi kaburini! Juu ya ardhi wenye lugha wanaiacha, chini ya ardhi mgeni anajikongoja na sarufi. Sijui kama kuna picha inayouma zaidi ya hiyo, na mwandishi ameipitisha kama kichekesho.

Kwa nini jambo hili lilikuwa zito? Vitabu vya Kiayalandi vilivyopendwa na wakubwa wakati ule vilikuwa vya wazee wa visiwani wenye subira na sala. Kimoja maarufu ni maisha ya Peig Sayers, kilitoka 1936, na vizazi vya wanafunzi vilikisoma shuleni kwa lazima. Mwanakijiji wa kwenye vitabu vile alikuwa kama kitu cha makumbusho, msafi na mtakatifu. Ó Cadhain akaleta wanakijiji wanaotukanana, wanaosingizia, wanaoiba mwani wa jirani na kufurahia ajali ya ndugu. Na matusi yao ni mali safi, lugha iliyoshiba, ile aliyokuwa akiiokota neno kwa neno kwa ajili ya kamusi. Alikuwa anasema: lugha hii si ya kuning'iniza ukutani, watu wanaichukia na kuipenda dunia kwa lugha hii. Mwaka 1950 alitoa hotuba iliyowakera sana wakusanyaji wa ngano, akiwaona kama watu wanaohifadhi sauti za wazee kwenye makabati huku wajukuu wa wazee hao wakipanda meli.

Riwaya ilishinda tuzo ya tamasha la Oireachtas mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba shirika la uchapaji la serikali, An Gúm, liliikataa kwa madai kwamba inafanana mno na mambo ya Joyce. Mwaka 1949 gazeti la Irish Press likaitoa kwa mfululizo, na nyumba ndogo ya uchapaji, Sáirséal agus Dill, ikaitoa kama kitabu. Huko magharibi, wanasema, vijana waliwasomea kwa sauti wazazi ambao hawakuwahi kufundishwa kusoma lugha waliyoiongea maisha yao yote. Hebu fikiria sebule ile. Mzee anasikia gazeti la Dublin likitukana kama shangazi yake!

Watu wengine wangekaa hapo wakala sifa. Yeye alikuwa na njaa ya kodi na chakula kama sisi na boom likichelewa. Akaajiriwa bungeni kama mtafsiri kati ya 1949 na 1956, akigeuza sheria za Kiingereza kuwa Kiayalandi ambacho karibu hakuna aliyekisoma. Ndiyo maana hadithi zake za baadaye zimejaa makaratasi. Kuna moja inaitwa An Eochair, maana yake Ufunguo, imo kwenye mkusanyiko wa 1967. Karani mdogo kabisa wa kutunza mafaili, anaitwa J. tu, anafungiwa ofisini kwake baada ya ufunguo kuvunjikia kwenye kitasa. Watu wanafika nje ya mlango, wanamsikia. Lakini mlango ni mali ya serikali, na hakuna mwenye kibali cha kuuvunja. Huyu anampigia yule, yule yuko likizo, idara hii inasema ni ya idara ile. J. anakufa humo ndani na utaratibu ukiwa umefuatwa sawasawa. Nyie mnaosaini fomu moja kwenye ofisi tano, itafuteni hiyo hadithi mnipigie simu.

Na msidhani alijua kejeli tu. Kwenye mkusanyiko wa 1948 kuna An Bóthar go dtí an Ghealchathair, mwanamke anatembea usiku kucha kupeleka mayai na siagi soko la Galway, maili tisa kwa mguu. Hakuna kingine kinachotokea. Lakini ukimaliza miguu inakuuma wewe. Kuna nyingine ya binti aliyerudi kutoka Marekani kuolewa kwao baada ya miaka kumi, anashuka ufukweni kukusanya mwani na wenzake, anagundua mikono yake imelainika na hawezi tena kazi ya mama yake. Hiyo wengi wetu humu chuoni tutaielewa bila kufafanuliwa, hasa ukirudi likizo ukapewa jembe.

Sasa ile habari ya digrii. Mwaka 1956 chuo kikuu cha Trinity, Dublin, kilimwajiri kuwa mhadhiri wa Kiayalandi. Trinity kilianzishwa na malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1592, kwa karne nyingi kikawa chuo cha mabwana Waprotestanti, na maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wakiwazuia waumini wao kusoma hapo bila ruhusa mpaka 1970. Humo ndimo alimoingia Mkatoliki wa kijijini, mfungwa wa zamani, mwenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi. Mwaka 1969 akawa profesa na mkuu wa somo hilo. Nyie mnaoniambia GPA ndiyo kila kitu, mnasikia?

Uprofesa haukumtuliza. Mwaka 1966, nchi ikisherehekea miaka 50 ya mapinduzi ya Pasaka, kundi lake la Misneach lilifanya mgomo wa kula wa wiki nzima kupinga unafiki wa serikali juu ya lugha. Mwaka 1969 vijana wa Gaeltacht wakaanzisha vuguvugu la haki za raia, wakidai kazi, redio na utawala wao, naye akawa nao bega kwa bega. Mwaka huo huo alitoa hotuba ndefu kuhusu uandishi wake. Akakiri jambo ambalo sijasikia mwandishi mwingine akilisema kwa uwazi hivyo: kwamba ni vigumu mtu kutoa kazi yake bora kwa lugha anayoiona huenda ikafa kabla yake mwenyewe. Lakini akasema kukata tamaa huko ndiko kunakompa hamu ya kuipigania.

Alifariki Dublin tarehe 18 Oktoba 1970, umri miaka 64. Mkewe Máirín alikuwa ametangulia mwaka 1965. Katika mkusanyiko wake wa 1970 kuna hadithi ndefu ya karani aitwaye N., ambaye mkewe anakufa na yeye anazurura mjini siku nzima, baa hadi baa, hawezi kurudi nyumbani kuanza kushughulikia mazishi. Sitaki kusema ni yeye. Ila ukishajua tarehe hizo, unaisoma polepole.

Je, alishinda? Redio ya Gaeltacht ilianza 1972, miaka miwili baada ya kifo chake. Televisheni ikaja 1996, na mwaka 2007 lugha ikawa rasmi katika Umoja wa Ulaya. Cré na Cille ikafanywa filamu mwaka 2007. Lakini kwa Kiingereza, lugha ya jirani wa mlango wa pili, haikuchapishwa mpaka 2015 na 2016, tafsiri mbili mfululizo. Wanorwei walikuwa nayo tangu 1995! Sensa ya 2022 inasema watu karibu milioni 1.9 wa Jamhuri wanajua Kiayalandi, ila wanaokiongea kila siku nje ya shule ni kama 72,000 tu. Kujua ni wengi. Kugombana nacho jikoni ni wachache.

Hapo ndipo mzee alinikamata shati. Mwanzoni nilisoma nikijiona niko upande wake: sisi wa Kiswahili, yeye wa Kiayalandi, adui ni Kiingereza. Rahisi. Halafu nikamkumbuka bibi yangu kule Same. Bibi anaongea Chasu. Akikasirika, Chasu. Akisali peke yake, Chasu. Mimi mjukuu wake najua salamu na majina ya vyakula, basi. Na kilichoninyang'anya Chasu si Kiingereza, ni Kiswahili hiki hiki ninachokiandika, ninachokipenda kuliko kitu chochote. Hakuna aliyenivika kibao shingoni. Wazazi walitaka nifanye vizuri shule ya mjini, wakakata alama kimya kimya, kwa mapenzi.

Mwaka juzi kwenye msiba wa babu, akina mama wazee walikaa jikoni wakisemana na kucheka usiku kucha. Nilipita na ndoo ya maji, wakasema kitu kunihusu, wote wakaangua kicheko. Sikuelewa hata neno. Nilitabasamu kama yule rubani Mfaransa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mgeni.

Sina suluhisho, na Ó Cadhain mwenyewe hakuwa nalo kamili. Ila nimepiga simu nyumbani leo mchana. Nikamwomba bibi asinifundishe methali wala hadithi ya sungura. Nimemwomba anifundishe kumsema mtu. Amecheka sana, akaniuliza nimegombana na nani huko chuoni. Akaanza na jirani yake.

Haya, maji yanatoka saa hizi na foleni ni ndefu, na lile desa bado linanitazama. Mwenye maoni aseme, hasa kama nyumbani kwenu kuna lugha unayoisikia tu. Alamsiki.